Mtu wa Milango na Ukurasa wa Mama Ndimu

Afande Gaster Wanyera alikuwa haingii dukani kwangu bila kuujaribu mlango. Anausukuma kidogo, anauvuta, anazisikiliza bawaba, ndipo anaingia na kunisalimia. Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya kazi, maana miaka thelathini na minne alikuwa askari magereza, anafunga na kufungua milango ya watu wasiopenda kufungiwa. Nikamwambia, "Afande, hapa hakuna mfungwa. Ingia au toka, unaniletea vumbi." Akacheka. Ana kicheko cha chini, cha mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Mimi ni Awuor, ila mtaa mzima wa Mafubira wananiita Mama Griffin. Nilikuja Jinja kutoka Kisumu na mume dereva wa malori. Mume alikufa, Griffin akakua akaenda zake, nami nikabaki na duka la kuchapisha karatasi na kutengeneza simu. Kiswahili changu ni cha nyumbani, na hicho ndicho kilichomleta Gaster kwangu. Hapa ukimsemesha mzee Kiswahili anageuka kutazama kama umeshika bunduki, kwa yale waliyotendewa zamani na watu walioisema lugha hiyo. Gaster, Mgisu wa Mbale, yeye alikipenda. Alikipenda kwa sababu ya redio, na kwa sababu ya mwanamke mmoja wa redioni.

Kati ya mwaka 1991 na 1997 kulikuwa na mchezo wa redio ulioitwa Kambi ya Tarumbeta. Ulirekodiwa hapa Jinja, katika ukumbi wa kambi moja ya askari, ukachezwa kila Jumamosi jioni kwa ajili ya wanajeshi, polisi na watu wa magereza. Mzee Tarumbeta alikuwa mpiga baragumu mstaafu aliyekataa kuhama nyumba ya serikali. Mkewe, Mama Ndimu, ndiye aliyemwendesha yeye na kambi nzima kwa ulimi wake. Gaster hakuigiza. Alikuwa mtu wa sauti. Mvua aliifanya kwa maharage kwenye sinia, hatua za maofisa kwa buti ndani ya boksi la kokoto. Na juu ya meza alikuwa na mlango mdogo wa mbao, wenye fremu na komeo, ambao bawaba zake aliziacha bila mafuta makusudi, ili Mama Ndimu akitoka nyumbani kwenda kugombana, nchi nzima isikie.

"Watu nafikiri sisi iko na nyumba," aliniambia. "Nyumba hapana. Ni mimi na meza."

Mama Ndimu aliigizwa na Annah Khainza, karani wa kambi, msichana wa Mbale mwenye mwanya mpana. Koo lake lilikuwa linakauka kabla ya kurekodi, na mkubwa wao alikuwa amepiga marufuku kutafuna kitu chochote karibu na kipaza sauti. Basi Gaster alimletea kipande cha tangawizi kila Jumatano, siku ya kurekodi, amekifunga kwenye karatasi, anakiacha nyuma ya ule mlango mdogo. Annah akinyoosha mkono kana kwamba anaushika mlango, anakichukua. Miaka sita. Hakuna aliyejua ila wao wawili, na katika miaka hiyo sita Gaster hakumwambia neno lingine lolote la maana. Mimi nilimuuliza, wewe mwanamume gani, tangawizi miaka sita? Akasema alidhani Annah ameelewa.

Mwaka 1997 mchezo ulisimamishwa. Kanda zile zilifutwa, zikarekodiwa mahubiri juu yake, kwa hiyo leo hakuna popote unapoweza kuisikia sauti ya Mama Ndimu. Annah alirudi Mbale. Gaster alimwahidi kwamba atakwenda kumwona Krismasi. Akahamishiwa gereza la kaskazini, Krismasi ikapita, zikapita nyingine tano. Alipokwenda, mwaka 2003, akiwa amerudishwa Jinja, alikuta nyumba aliyoelekezwa kule Namakwekwe imefungwa kwa kufuli. Jirani akamwambia kulikuwa na msiba, mwanamke wa nyumba hiyo alizikwa mwezi uliopita, na waliobaki wamehama. Gaster hakuuliza mwanamke huyo aliitwa nani. Mtu wa miaka arobaini na moja, askari mwenye vyeo begani, alishindwa kuuliza jina. Alirudi stendi akapanda gari la Jinja, na tangu siku hiyo Annah alikuwa marehemu.

Hakuoa. Watu wa kwao walimsema mpaka wakachoka.

Wakati wa kufungiwa majumbani kwa ajili ya korona, ndipo alipoanzisha wiki ya Kambi ya Tarumbeta. Kwa asiyejua, wiki ni kitabu cha mtandaoni ambacho mashabiki wanakiandika wenyewe, na yeyote anaweza kuongeza au kusahihisha. Gaster aliandika kwa kidole kimoja. Askari mstaafu wa Tororo aitwaye Yekosofati alimsaidia kukumbuka vituko, na wawili hao wakafikisha kurasa sabini na mbili. Palikuwa na ukurasa wa Mzee Tarumbeta, ukurasa wa mbuzi wake, ukurasa wa vita vya bomba la maji. Ukurasa mrefu kuliko zote ulikuwa wa Annah Khainza.

Alipostaafu alianza kuja dukani na simu yake mkononi, uso umemwanguka.

"Mama Griffin, mimi naandika, lakini watu hapana ona. Wiki yote mgeni ni moja, na ile mgeni ni mimi."

Nilimuuliza anataka waone nini hasa. Tarumbeta mwenyewe na mbuzi wake wamesahauliwa.

Akasema, "Sauti yake wao nafuta. Sasa mimi nataka mtu akiandika jina yake kwa Google, anakuta yeye. Hata mtu moja tu. Basi."

Mimi nilikuwa nimesomea kidogo mambo hayo. Kisumu niliwahi kwenda mafunzo ya wiki mbili ya kuuza bidhaa mtandaoni, na nikarudi najua jinsi ya kumfanya mteja akukute wewe kwanza kabla ya jirani yako. Nikavuta kiti. Nilipoiona ile wiki yake nilitaka kulia. Ukurasa wa Annah ulikuwa na kichwa "Mhusika wa 2 (Mke)." Nani duniani anatafuta "Mhusika wa 2"? Watu wanaandika "Mama Ndimu wa redio." Nikamwambia, kichwa kiwe maneno wanayoyatumia watu midomoni mwao. Sentensi ya kwanza iseme wazi huyu ni nani, wapi, lini. Kurasa zile fupi zenye mstari mmoja ziunganishwe, maana kurasa kumi tupu zinaudhoofisha hata ule mmoja mzuri. Kila unapomtaja Annah katika ukurasa wa mbuzi au wa bomba, weka kiungo kiende kwake. Picha ipewe maelezo, maana ile mashine ya kutafuta haina macho.

Alifanya yote. Miezi mitatu alikuwa anakuja kila asubuhi baada ya kumwagilia mboga zake, anakaa kwenye kiti cha kona, tunafanya kazi kati ya mteja na mteja. Nilianza kumwekea kikombe chake. Nitalisema hapa hapa, kwa sababu baadaye litahitajika: nilimpenda. Si mapenzi ya kuimbiwa. Ilikuwa ni kule kumsikia mtu anaujaribu mlango wako, ukajua asubuhi imeanza. Na nilimwonea wivu marehemu, ambalo ni jambo la kipumbavu, lakini nilimwonea.

Siku moja nilimwambia, "Mbona wewe huna ukurasa? Umeandika mpaka wa mbuzi."

"Mtu ya mlango hapana tajwa," akasema. "Hata kwa redio wao hapana soma jina yangu. Ikisikika mimi, kazi imeharibika."

Nikamwacha.

Sasa sikilizeni kuhusu kile kisanduku. Upande wa kulia wa kila ukurasa wa mtu, wiki inaweka kisanduku: jina, alizaliwa, alifariki, kazi, mji. Mashine ya kutafuta inakipenda sana. Inachukua yaliyomo na kuyaonyesha juu kabisa, hata kabla mtu hajabonyeza. Cha Annah kilikuwa kimejazwa nusu. Penye "alifariki" palikuwa patupu.

Nikamwambia ajaze.

Akasita. "Mwaka mimi najua. Lakini siku hapana jua. Na kaburi mimi hapana ona."

"Weka mwaka basi. Kisanduku kitupu ni kama duka lisilo na kibao, mteja anapita." Maneno hayo ni yangu, neno kwa neno. Akaandika: Alifariki, 2003, Mbale. Penye chanzo akaandika: Majirani. Aliutazama mwaka huo muda mrefu kabla ya kubonyeza kuhifadhi. Mimi nilikuwa nimeshageuka kumhudumia mtu aliyetaka kopi za kitambulisho.

Baada ya wiki chache ukurasa ulianza kupanda. Ulitoka mahali ambapo hakuna afikaye, ukafika ukurasa wa pili wa matokeo, ukaja wa kwanza, nafasi ya sita, ya tatu. Mwezi wa tano mwaka 2023 tukaandika "Annah Khainza," tukamkuta wa kwanza, jina lake kwa herufi kubwa, na kile kisanduku kizima pembeni kama cha mtu mkubwa wa nchi. Gaster alivua kofia. Alisema, "Asante sana, Mama Griffin. Sasa yeye iko." Siku hiyo nilikuwa na furaha, sitadanganya.

Mwezi wa nane, asubuhi, aliingia bila kuujaribu mlango.

Alinipa simu. Mtu asiye na jina alikuwa ameingia kwenye ukurasa, akaufuta mwaka 2003 na mahali pake akaandika: Hajafa. Anaumwa. Yuko Mbale.

"Mama Griffin. Kama ni kweli?"

Waswahili wana msemo, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilikuwa naujua tangu utoto. Na nitawaambia lililonipita moyoni kwanza, kabla ya shaka na kabla ya akili: niliona kiti cha kona kitupu. Niliona atakwenda Mbale na hatarudi. Ndipo nikafungua mdomo na kuongea kama mtaalamu.

"Chanzo kiko wapi?" nikasema. "Afande, ukurasa ukishapanda juu wahuni wanauona. Wanaingia kuchezea. Jana walimwandika waziri mmoja kuwa amekufa, leo wanamwandika maiti kuwa mzima. Wewe mwenyewe ndiye uliyeweka sheria, bila chanzo linafutwa."

"Lakini yeye nasema anaumwa. Mhuni nasema hivyo kwa nini?"

"Ili upige simu, ili utume kitu. Huwajui watu?"

Gaster mwenyewe alikuwa ameifuta mizaha chungu nzima kwa sheria hiyo hiyo, na askari akishazoea amri haulizi mara mbili. Alirudisha mwaka 2003. Penye sababu akaandika maneno mawili: Hakuna chanzo. Nami nikamwonyesha jinsi ya kuufunga ukurasa, asiweze mtu mwingine kuugusa ila yeye. Nilimwambia kuchezewachezewa kunashusha ukurasa kwenye matokeo, na hilo lilikuwa kweli.

Baada ya siku kadhaa alisema anafikiri aende Mbale tu, kutazama. Nikamwambia utamtafuta nani, katika mji mzima, mtu aliyekufa miaka ishirini iliyopita? Nikamkaangia samaki wa Masese. Akala, akabaki.

Miezi saba tulikaa hivyo. Ilikuwa miezi mizuri, na hilo ndilo linalonichoma.

Siku ya Jumanne moja, mwezi wa tatu mwaka uliofuata, alikuja anakaribia kukimbia, na soda mbili baridi mkononi. Hakuwa mtu wa kununua soda.

"Tazama," akasema. "Tazama leo. Mia nne na kumi na mbili. Na bado ni asubuhi."

Watu mia nne na kumi na mbili walikuwa wamefungua ukurasa wa Annah tangu jana yake. Kabla ya hapo tulikuwa tukipata sita, saba kwa siku. Alifungua soda yangu kwa kizibo cha yake, akanipa. Alikuwa anacheka kicheko chake cha chini bila kukizuia. Alisema nchi imemkumbuka. Alisema labda redio fulani imeongea juu ya Kambi ya Tarumbeta. Nilifungua takwimu nione wametoka wapi. Karibu wote walitoka Mbale na vijiji vyake, na karibu wote waliandika kitu kimoja: Mama Ndimu.

Niliandika na mimi. Wa kwanza tulikuwa sisi. Wa pili ulikuwa ukurasa wa redio moja ya Mbale, umewekwa Jumatatu. Huku mashariki mtu akifa, jamaa wanapeleka tangazo redioni, linasomwa asubuhi na jioni, na siku hizi wanaliweka na mtandaoni pamoja na picha.

Picha ilikuwa ya mwanamke mwenye miwani na nywele zilizoanza kuwa nyeupe, anacheka. Tangazo lilisema Annah Khainza, aliyejulikana zamani redioni kama Mama Ndimu, alifariki Jumapili baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Ameacha binti mmoja. Mazishi ni Alhamisi, Bungokho.

Nilitaka kuifunga ile simu. Wallahi nilitaka niseme mtandao umekatika. Lakini alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Ile mwanya ni yake," Gaster alisema.

Aliiweka soda juu ya kaunta polepole, bila kutoa mlio, kama alivyofundishwa studioni. Kisha akakaa kwenye kile kiti cha kona, akaniuliza jambo dogo sana. Aliniuliza kutoka mwezi wa nane mpaka wa tatu ni miezi mingapi. Nikamwambia saba. Akahesabu mwenyewe kwa vidole, akapata saba.

Alhamisi tulikwenda wawili. Sikualikwa, lakini sikuweza kumwacha aende peke yake, na sikuweza kubaki. Bungokho iko chini ya mlima, mazishi yalikuwa uani, mahema mawili, watu wengi. Gaster alivaa suti yake ya kustaafu. Mkononi alikuwa na tangawizi, kipande kimoja, amekifunga kwenye karatasi. Sikumuuliza atakiweka wapi.

Mwongozaji wa mazishi alikuwa kijana mmoja wa kanisani, Matia, na ilipofika zamu ya kusoma wasifu wa marehemu akatoa simu mfukoni. Familia ilikuwa imempa karatasi ya mambo ya nyumbani. Yale ya redio, alisema, amejisaidia mtandaoni, kwa sababu huko yameandikwa vizuri. Akaanza kusoma, na mimi nikayatambua maneno kutoka sentensi ya kwanza. Nilikuwa nimeyanyoosha mwenyewe. Alisoma jinsi Mama Ndimu alivyoligombania bomba la maji, watu wakacheka na machozi machoni. Alisoma habari za tangawizi nyuma ya mlango, ambazo Gaster alikuwa ameziandika bila kusema nani aliyeiweka. Kisha kijana wa watu akaendelea na kilichofuata, kwa sauti ile ile ya kipaza sauti, mbele ya jeneza:

"Alifariki mwaka 2003, mji wa Mbale."

Palikuwa na minong'ono, halafu kicheko kimoja kibaya nyuma. Matia akaitazama simu, akaomba radhi, akasema mtandao una mambo. Binti wa marehemu, Ritah, alikuwa ameketi mbele. Hakugeuka. Gaster alisimama. Alisimama tu, katikati ya watu waliokaa, mikono ubavuni kama mtu kwenye gwaride, na hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa mimi na, kama nilivyokuja kujua baadaye, huyo binti.

Baada ya kuzika ndipo Ritah alipotujia. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, macho yamekauka kwa kulia.

"Mulembe, mzee," alimsalimia Gaster kwa Kigisu, kisha alipoona mimi ni mgeni akahamia Kiswahili. "Wewe ni Gaster. Ile ya mlango."

"Ni mimi, mwanangu."

"Mama alisema utakuwa mrefu."

Tulikaa kwenye benchi kando ya jiko. Aliongea taratibu, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Alisema mwanamke aliyezikwa mwaka 2003 alikuwa bibi yake, mama yake Annah. Baada ya msiba walihamia Bungokho. Alisema mama yake alipoanza kuugua alimwomba jambo moja: amtafutie mtu wa magereza ya Jinja aitwaye Gaster Wanyera.

"Mimi hapana jua kutafuta kwa ofisi ya serikali," Ritah alisema. "Mimi natafuta kwa simu. Miaka mbili. Hakuna kitu. Wewe hauko mahali popote, mzee. Nikafikiri labda yule mtu alishakufa, lakini kwa mama hapana sema."

Kisha mwaka 2023 alibadilisha, akaandika jina la mama yake, na ukurasa ukatokea wa kwanza kabisa. Alimsomea mama yake kitandani. Annah alicheka kwa habari za mbuzi. Ilipofika tangawizi akamshika mkono binti yake. Akasema ni yeye, hii hakuna mwingine aliyejua. Baada ya hapo Ritah akasoma kisanduku.

"Mama akasema, masikini, nani amemdanganya? Rekebisha haraka, aone niko. Mimi nikarekebisha. Mama akaomba nimpe miwani, akae na simu mwenyewe, angojee. Alijua wewe utaona. Saa moja haikwisha. Ikarudi vile vile. Na maneno, hakuna chanzo. Nikajaribu tena, nakuta imefungwa."

Mimi niliutazama moshi wa jiko.

"Alisema nini?" Gaster akauliza.

Ritah alimtazama kama anayepima kama anaweza kulibeba jibu. "Alisema, mwache. Mtu akikuzika mara mbili, usiende kumgongea mlango."

Aliitoa simu ya mama yake, ya kioo kilichopasuka, akafungua orodha ya mambo yaliyotafutwa humo, akampa. Nilichungulia kando ya mkono wa Gaster nikasoma. Gaster Wanyera. Gaster Wanyera Jinja. Afande Gaster magereza. Gaster wa Kambi ya Tarumbeta. Gaster mtu wa milango. Ukurasa baada ya ukurasa, miaka miwili, jina moja. Halafu siku moja ya mwezi wa nane: Annah Khainza. Halafu hakuna kitu tena. Bei ya dawa, hali ya hewa, nyimbo za kanisani, mpaka mwisho.

Alilia basi. Sijawahi kumwona mwanamume mzee akilia hivyo, mdomo wazi, hana sauti kabisa, mtu aliyeishi kwa kutengeneza sauti. Ritah alimwekea mkono mgongoni. Mimi sikustahili kumwekea wangu. Kabla hatujaondoka alikwenda kaburini peke yake, na aliporudi ile karatasi ya tangawizi haikuwa mkononi.

Kurudi Jinja, kitu cha kwanza alichofanya ni kusahihisha mwaka. Tulikaa pale pale penye kiti cha kona, akaweka siku, mwezi na 2024, na penye chanzo akaandika: Binti yake. Lakini kile tulichokipandisha hakikutaka kushuka. Wiki sita nzima ukiandika Annah Khainza bado juu kabisa palisomeka 2003, na tovuti nyingine mbili nisizozijua zilikuwa zimeshanakili. Kila asubuhi aliangalia. Kila asubuhi ilikuwa bado. Nilimwambia mashine inachelewa kusahau. Akanijibu kwa upole, "Si makosa yako, Mama Griffin. Wewe nafundisha mimi kazi tu."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Kwamba mwezi wa nane sikuwa na shaka, nilikuwa na hofu. Kwamba sikuliona kosa la mhuni, nililiona gari la Mbale. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Mteja akaingia kutaka chaja, nikamuuzia chaja, na sijamwambia mpaka leo. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu ninaishi naye nyumba moja.

Anakuja mara chache siku hizi. Akija anaingia moja kwa moja, mlango haujaribu tena. Bawaba zangu zimeanza kulia na sijazitia mafuta.

Bila kumwuliza niliandika ukurasa wa sabini na tatu. Kichwa ni maneno ambayo mtu angeyaandika: Gaster Wanyera, mtu wa milango wa Kambi ya Tarumbeta. Sentensi ya kwanza inasema ni nani, kwamba yuko Jinja, Mafubira, na anapatikana duka gani. Nimeuunganisha na kurasa zote nyingine, hata wa mbuzi. Nimeuacha wazi, yeyote anaweza kusahihisha. Ndani ya kile kisanduku, penye "alifariki" nimepaacha patupu.

Ukiandika jina lake leo, anatokea wa kwanza. Nimekwenda kutazama takwimu jana: mwezi mzima mgeni mmoja, na huyo mgeni ni mimi.